Mwaka Utani Ulipotoka Kijijini

Bi Chilumba amefariki. Habari alinipa Rehema kwa sauti iliyorekodiwa, nami nilikuwa nimesimama mbele ya muuza nyanya wa Chuno, nabishana naye kama kawaida yangu. Rehema alisalimia vizuri, akauliza hali ya mama, akauliza kama mvua imefika mjini, ndipo akasema, "Dada Zaina, Bi Chilumba katutoka alfajiri. Tunazika alasiri." Nilisikia kuku nyuma yake na mtu anapasua kuni. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Kwenye ukurasa wa kikundi nisiweke, eti?" Nilimjibu asiweke. Nyanya nilizinunua kwa bei aliyoitaka yule mama, naye akanitazama kwa wasiwasi kama mtu aliyeona mgonjwa, nikaenda kutafuta bodaboda wa kunipeleka kijijini kwao.

Mazishi sitayaeleza. Nilikwenda, nikakaa na wanawake, nikala wali wa msiba, nikarudi. Lakini njiani, vumbi likinijaa mdomoni, hasira iliyokuwa imelala miaka yote iliamka, na mimi hasira ikiniamka siijui njia ya kuilaza isipokuwa kusema. Wenzangu wa shirika la zamani tukikutana huwa wanaukumbuka mwaka ule kwa vicheko: nani alianguka na pikipiki, nani alipendwa na binti wa mwenye nyumba. Mimi nacheka nao. Nikifika nyumbani sijui nilikuwa nacheka nini. Mwaka ule nilifundisha vikundi vya watu kutumia mitandao ya kijamii, na katika kikundi kimoja mtu aliyekuwa na mke, kazi na kofia nyeupe ya kwenda nayo msikitini alitoweka. Naandika habari zake kama nilivyoziona.

Nilikuwa nimepanga chumba Chuno, kwa mama mmoja aliyefuga bata uani. Bata wale walinichukia tangu siku ya kwanza na mimi sikuwadai upendo. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, kitanda cha kamba, na soketi moja ya umeme iliyotoa cheche ukichomeka kitu vibaya. Asubuhi mama mwenye nyumba alichemsha ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini, akaniletea kwenye sahani na chumvi iliyotwangwa na pilipili, akakaa mlangoni kunitazama nikila, maana aliamini msichana anayeishi peke yake asipotazamwa hali. Nikishamaliza natembea hadi Rahaleo, ofisini kwetu, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Shirika lenyewe lilikufa zamani na kulitaja jina hakumsaidii mtu. Tulikuwa vijana wachache na mratibu mmoja, kaka mpole aliyelipenda sana neno "maudhui". Alilisema kama watu wengine wanavyosema "inshallah".

Kazi yetu ilikuwa kwenda kwa vikundi, kuwafungulia ukurasa mtandaoni, na kuwafundisha kuutumia: kupiga picha, kuandika maelezo, kujibu watu. Pale Rahaleo nilikuwa na mafundi cherehani, wanawake wenye maneno makali ambao walinifundisha zaidi ya nilivyowafundisha. Mikindani nilikuwa na kikundi cha wapika achari kilichogombana kila wiki juu ya nani atokee kwenye picha. Kitini tulichopewa kilikuwa na kanuni nyingi, lakini mbili ndizo mratibu alizozipenda, na mimi nikazipenda kwa sababu zilikuwa rahisi kuigizwa mbele ya watu. Ya kwanza: onyesheni maisha yenu, bidhaa itajiuza. Ya pili: anayeuliza asikae bila jibu. Hiyo ya pili niliifundisha kwa mchezo. Najifanya mteja, nabisha hodi, wao wananyamaza, mimi nanuna na kuondoka nikitikisa nyonga kwenda kwa jirani. Wanawake walicheka hadi wakajifuta machozi kwa kanga. Hakuna aliyesahau somo lile, na hilo ndilo linaloniuma.

Kikundi cha tatu kilikuwa cha wapika chumvi, karibu na Ruvuma inapomwaga maji yake baharini. Jina la kijiji naliacha, kwa kuwa waliobaki bado wanaishi pale. Wanawake wale walikwangua udongo wa juu ambao maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakishapungua huachwa na chumvi, wakauchuja kwa maji kwenye vichujio vya fito na makumbi ya nazi, na yale maji makali wakayachemsha kwenye masinia makubwa ya bati hadi chumvi ikabaki chini, nyeupe. Moshi ulikuwa mwingi, na joto lake sijawahi kulisahau. Mwenyekiti alikuwa Bi Fatu, mwanamke mrefu wa maneno machache, vidole vyake vimebabuka kwa miaka ya moto. Mumewe aliitwa Momadi. Masinia yote ya kijiji aliyatengeneza yeye, na yaliyotoboka aliyaziba yeye, akikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao ya bati jekundu, nyundo mkononi, anaimba kwa pua. Momadi alizaliwa ng'ambo ya mto, akavushwa mgongoni mwa mama yake enzi za vita vya kule, akakulia huku. Shamba la mpunga alikuwa nalo huku, na shangazi zake walikuwa kule. Kwake yeye mto ulikuwa kitu cha kuvuka tu, kama mimi ninavyovuka barabara ya lami kwenda dukani.

Na alikuwapo Bi Chilumba. Ukoo wake na ukoo wa mama yake Momadi walikuwa watani tangu mababu, na yeye utani ule aliushika kama wengine wanavyoshika sala. Mwanamke mfupi, mweusi tititi, meno mawili ya mbele hayapo, sauti ya kuita watu walio shamba la pili. Kila asubuhi alipita nyuma ya nyumba ya Momadi kabla hajaenda kwenye masinia.

"Wewe Nreno!" anamwita, yaani Mreno, kwa kuwa kule alikozaliwa walitawala Wareno. "Umeamka, au bado unaota divai?"

"Nimekuota wewe," Momadi anajibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana nimeamka mgongo unauma."

"Mgongo unauma kwa uvivu! Fatu, huyu ntu ulimwokota wapi? Mrudishe kwao wakupe mwingine!"

Na Bi Fatu, ambaye hakucheka kwa mtu mwingine yeyote, anainamia moto wake mabega yakimtikisika. Hawakusalimiana kwa heshima hata siku moja, Bi Chilumba na Momadi, ingawa bibi yule alikuwa amemzidi umri kiasi cha kumzaa. Mwanzoni nilishangaa. Baadaye, kama mgeni yeyote aliyekaa mahali, siku ambayo sikusikia matusi yao niliona kuna kitu hakijakaa sawa.

Lazima niseme jinsi hewa ilivyokuwa, maana bila hivyo mtu anaweza kudhani tulikuwa tunaishi kwa vicheko. Mwaka ule ng'ambo ya mto kulikuwa kumeanza kuwaka, na watu walivuka kukimbilia kwetu. Kwenye masinia wanawake walizungumza wakikoroga, na kila nilipokaribia walibadilisha habari, lakini mimi masikio yangu ni ya Mikindani, hayapitwi.

"Wamefika wengine jana," mmoja anasema.

"Wengi?"

"Usihesabu watu, wewe. Wamefika na godoro moja na mtoto."

"Wameona nini?"

"Hawasemi. Ukiwauliza wanakuomba maji."

Wanaume waliosababisha watu wale wakimbie hawakuitwa kwa jina. Waliitwa "wale". Wale walipita kijiji fulani; wale wana vijana wa huku pia; wale wakikuita kwa jina lako ujue wameshakwisha kuulizia. Siku moja jioni nilikuwa nakula kwa Bi Fatu, ugali wa muhogo na dagaa wa nazi, Momadi akamuuliza mkewe kama shangazi zake waletwe huku. Bi Fatu akasema waletwe. Momadi akasema wakija watu wataanza kusema nyumba hii inapokea wageni wasiojulikana. Bi Fatu akasukuma bakuli la mboga upande wangu, akasema, "Kula mwalimu, mboga itapoa." Nilikula.

Masomo tuliyafanyia chumbani kwa Bi Fatu, juu ya mkeka, mlango wazi ili mwanga uingie. Rehema, katibu wao, alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuwa na kazi; simu alikuwa nayo na akili alikuwa nayo. Baada ya miezi michache alikuwa anapiga picha za chumvi zinazong'aa kama sukari, anaandika maelezo mafupi matamu, na watu wa mbali walianza kuagiza. Mtu akiuliza kitu, Rehema alikuwa ameshajibu kabla ya adhuhuri. "Ahsante kwa kuuliza dada yangu." "Karibu sana kaka, na nyumbani hawajambo?" Mratibu aliwaonyesha wenzangu ukurasa ule kama mfano. Nilivimba kichwa, nakiri, na sioni haya. Kazi nzuri ilikuwa nzuri.

Kisha mama yake Momadi, Bi Mwanasha, akafariki kwa uzee, kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu. Msiba wa heri, kama wanavyosema. Mimi nilikuwa mjini na homa, sikwenda. Kilichotokea nilikiona kwenye simu, chumbani Chuno, mama mwenye nyumba akiwa ameniinamia begani na mkono wake una harufu ya bata.

Rehema alikuwa amerekodi. Jeneza lilikuwa limeinuliwa, wanaume wamejipanga, na mlangoni amesimama Bi Chilumba, ameziba njia. Amefunga kanga kiunoni kama mwanamume aliyevaa seruni, na begani ameweka mchi kama bunduki. "Hatoki ntu hapa!" akapiga kelele. "Mnambeba huyu mnampeleka wapi, na mwanawe mnamwacha? Mnanjua Momadi nyie? Momadi ndiye anayewavusha wale! Nimemwona kwa macho yangu! Anawavusha kwa ntumbwi, anawalaza kwake, anawapikia na chumvi ya mkewe, ndiyo maana wana nguvu! Kushoto, kulia! Kushoto, kulia!" Akawa anatembea kwa gwaride mbele ya jeneza, mchi begani, matako yakicheza. Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata Momadi, macho mekundu kwa kulia, kofia nyeupe kichwani, aliinama akacheka akishika magoti. Ndugu wakamletea Bi Chilumba jogoo wa kumnyamazisha, akampokea, akampindua kumtazama chini, akasema amekonda kama wenyewe, na jeneza likapita.

Mama mwenye nyumba alicheka hadi akaketi. "Watani bwana," akasema. "Angalau mtu alie ameshacheka." Na mimi nilicheka. Nilikulia huku, nilijua ninachokiona: mtani akimtukana mfiwa anambebea sehemu ya mzigo wake, na kadiri tusi lilivyo baya ndivyo mapenzi yalivyo makubwa. Bi Chilumba alichukua kitu walichokiogopa wote, kile kisichotajwa, akakileta mlangoni pa msiba wakakicheka mchana kweupe. Siku ile nilimwona ni mwanamke shujaa kuliko wote niliowajua. Bado namwona hivyo. Rehema aliiweka ukurasani na maneno haya: "Haya ndiyo maisha yetu sisi wapika chumvi. Tumempumzisha bibi yetu kwa furaha."

Ukurasa ambao chumvi ilikuwa inapata watazamaji wa kuhesabika kwa vidole ulijaa. Walikuja watu wa mikoa ambayo utani wa msibani hawaujui, au wanaujua kwa namna yao. Wengine walicheka. Wengine waliandika kwamba mama huyu alindwe, amefichua gaidi. Wengine waliuliza serikali iko wapi. Nilikuwa nasoma nimelala, homa bado mwilini, na kila nilipovuta chini maneno yalizidi ubaya. Halafu nikaliona jina la mtu aliyejiita Mpenda Amani, picha yake ni ua la waridi. Hakutukana. Alikuwa mpole kuliko wote.

"Poleni sana kwa msiba," aliandika. "Huyu Momadi ndiye yupi hapo?"

Rehema alijibu, "Ahsante sana, tumeshapoa. Ni huyo mwenye kofia nyeupe aliyeinama. Ni mume wa mwenyekiti wetu."

"Na anaishi hapo hapo?"

"Ndiyo, nyumba ya bati jekundu nyuma ya msikiti. Ukifika uliza tu Momadi wa masinia, yeyote atakuonyesha. Karibu sana."

"Ahsante dada. Una roho nzuri."

Niliamka nikavaa. Sikumbuki kama nilifunga mlango. Kijijini nilimkuta Rehema anaosha vyombo, nikampigia kelele mbele ya mama yake, kelele za aibu, hadi povu la sabuni likakauka mikononi mwake. Hakunielewa. Alinitazama kwa macho ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa wa homa. "Dada Zaina," akasema polepole, "kanipa pole ya msiba. Ntu akikupa pole, akauliza mfiwa yuko wapi, wewe unamnyamazia?" Mjini tungesema ni ujinga. Lakini mahali pale mtu hutembea nusu siku kumpa mkono mfiwa, na anayeuliza nyumba ya msiba huonyeshwa, hushikwa mkono, husindikizwa hadi mlangoni. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuulizia nyumba ya msiba kwa nia nyingine.

Video tuliifuta siku ile ile, na majibu yote. Bi Fatu alisimama juu yetu akitazama, mwiko wa kukorogea mkononi. "Imetoka?" akauliza. Nikasema imetoka. Haikuwa imetoka. Siku chache baadaye binamu yangu aliye mbali alinitumia video ya "mama jasiri wa mpakani", akiuliza kama ni kweli. Mtu alikuwa ameikata. Jeneza halikuwamo, wala vicheko, wala jogoo. Alibaki mwanamke mzee mlangoni anasema amemwona Momadi kwa macho yake anawavusha wale, na mwanamume wa kofia nyeupe ameinama kama aliyefedheheka. Niliitazama mara moja tu. Ilikuwa uongo uliotengenezwa kwa maneno yaliyosemwa kweli, na mimi niliyeyajua yote nilimwogopa yule mwanamume.

Wageni wakaanza kufika kijijini. Mmoja nilimwona mwenyewe, mchana, viatu safi kupita kiasi kwa mtu aliyepita kwenye matope yale. Alisema anatafuta chumvi. Akaonja, akasifu, akauliza jinsi inavyochujwa, akasikiliza hadi mwisho, hakununua hata kikombe. Alipokuwa anaondoka alipita nyuma ya nyumba ya bati jekundu, akasimama. "Kazi njema, mzee Momadi," akasema. Momadi akamshukuru. Mgeni alipokwisha kupotea ndipo Momadi akaweka nyundo chini, akatuuliza sisi tuliokuwa karibu nani kamtambulisha kwa yule mgeni. Hakuna aliyekuwa amemtambulisha. Bi Fatu alimwambia mumewe aingie ndani, na kwa mara ya kwanza niliona mtu anatii kwa woga katika nyumba ile.

Ofisi moja ya serikali mjini nayo ikamwita Momadi akaeleze. Tulikwenda wanne: yeye, Bi Fatu, mimi niliyejua mambo ya ukurasa, na Bi Chilumba aliyejifunga kanga mpya na kusema njia nzima kwamba hili ni jambo dogo, ataongea na hao wakubwa wacheke wote warudi nyumbani. Chumba kilikuwa na meza, feni lililogoma kuzunguka, na ofisa mmoja ambaye, Mungu anajua, alikuwa muungwana. Alitupa viti. Nikaeleza. Akasema amenielewa, yeye si mtu wa huku, lakini angependa kumsikia mama mwenyewe. "Mama," akasema, "hebu nieleze huo utani ulivyokuwa."

Bi Chilumba alisimama. Alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Halafu akaanza, "Hatoki ntu hapa," lakini hapakuwa na mlango wa kuziba wala jeneza la kuzuia. Akasema, "Momadi ndiye anayewavusha wale." Sauti ilianza kumshuka. "Nimemwona kwa macho yangu." Ofisa alikuwa anamtazama. Bi Fatu alikuwa anatazama sakafu. "Anawalaza kwake. Anawapikia." Kila neno lilikuwa lile lile, kwa mpangilio ule ule, na kila neno lilimzika Momadi zaidi. Mwishoni alijaribu kutembea lile gwaride, hatua kidogo tu, pale kati ya meza na viti vyetu, bila mchi, bibi mzee anayepepesuka. Hakuna aliyecheka. Mimi nilijaribu, ili nimsaidie, ikatoka sauti mbaya kooni nikanyamaza. Bi Chilumba akaketi akajifunika kanga usoni. "Ni ntani wangu," alisema ndani ya kanga. "Baba, ni ntani wangu huyu. Nani asiye ntani wangu nikamsema hivyo?"

Ofisa akasema hana neno na mzee Momadi kwa sasa, arudi nyumbani, ila asiende mbali. Tukashukuru. Hilo "kwa sasa" tulirudi nalo, hakuna aliyelitaja.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimelala kwa Bi Fatu, nikasikia nyayo za Bi Chilumba nyuma ya nyumba. Alichelewa kidogo kuanza. "Wewe Nreno," akasema, si kwa sauti yake. "Umeamka?"

Nyundo ikatulia. "Shikamoo, mama," Momadi akasema.

Nilikuwa ndani, sikuona uso wa mtu. Nilisikia Bi Chilumba akijibu marahaba, kwa sababu shikamoo lazima ijibiwe, akaondoka. Niliwahi kusikia watu wakigombana, wakiachana, wakilaaniana. Sijasikia neno lililokata kama ile shikamoo. Sidhani Momadi alimchukia. Nadhani aliogopa. Tangu hapo watu wengine nao walimsalimia vizuri mno. Msikitini safu yake ilianza kuwa na nafasi pembeni. Kazi za masinia zikapungua, ingawa masinia hayakuacha kutoboka.

Wiki za bamvua zilipopita Momadi alikwenda peke yake mchana kuwasha moto kwenye masinia ya mkewe, wanawake wakiwa bado wanakwangua udongo mbali kidogo. Waliona moshi. Waliporudi na ndoo zao walikuta moto unawaka, maji yamekwisha kwenye sinia, chumvi imeungua ikawa ya kahawia. Kandambili zake zilikuwapo zimepangwa vizuri, kama za mtu aliyeingia ndani ya nyumba. Waliita. Walitafuta mikokoni hadi giza, kesho yake tena, na vijana wakaenda hadi mdomoni mwa mto. Ofisi ile ya mjini ilisema haina habari zake, na yule ofisa alinitazama machoni akisema hivyo. Nilimwamini, na kumwamini hakukunisaidia kitu. Wapo waliosema kavuka mwenyewe kwa shangazi zake. Wapo waliosema kavushwa. Kule ng'ambo shangazi hawakumwona, baadaye na shangazi wenyewe hawakuonekana. Mpenda Amani nilimtafuta mtandaoni kila siku kwa miezi. Ua lake la waridi halikuwapo tena, kama halikuwahi kuwapo.

Mwaka ulipokaribia kuisha wazee wa kijiji walikaa, wakaamua yatosha. Mtu hawezi kubaki hewani. Asomewe hitima, mkewe akae eda, akitoka awe huru na maisha yake. Ilikuwa huruma, sikatai. Lakini nani amwambie Bi Fatu? Kwa desturi ya pale neno zito hupelekwa na mtani, maana mtani hafukuzwi. Angeingia, angemcheka marehemu, na kicheko chake kingekuwa ndiyo taarifa ya kifo. Bi Chilumba wakamtuma.

Nilikuwa mle chumbani, nimekuja kuaga, kwa kuwa kazi yangu na shirika ilikuwa imefika mwisho. Bi Chilumba aliingia bila hodi, akakaa juu ya mkeka. Nje uani wanawake wote walikuwa wamesimama kimya wanangoja kusikia. Bi Fatu alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Fatu," Bi Chilumba akasema. "Wamenituma nije nicheke."

"Najua."

"Unataka nicheke?"

Bi Fatu alitoa punje ya jiwe kwenye ungo, akaitupa nje ya mlango. "Wewe ndiye mtani wake," alisema. "Ukisema kafa, kafa."

Nilidhani bibi yule atalia, na mimi nilikuwa nimeshaanza. Hakulia. Alivuta ungo upande wake, akaanza kuchambua naye, wakachambua mchele ule hadi ukaisha. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akasimama mlangoni mbele ya wanawake wote na wazee waliokuwa nyuma yao.

"Momadi yupo," akasema kwa ile sauti yake ya zamani, ya kuita watu wa shamba la pili. "Mwenye kujua vingine aje hapa aniambie mimi. Na aniambie kajuaje."

Wazee walitazamana, wakaondoka mmoja mmoja. Bi Chilumba aliishi miaka yote hii akingoja mtu huyo aje, na hakuja hadi tulipomzika. Bi Fatu hajakaa eda.